Jina Nililochelewa Kumwambia Okoth

Boke mwanangu,

Baba yako ndiye aliyefunga sanduku lako, nami nimemwachia pia mawaidha ya sweta, ya pesa za njiani na ya watu wa uwanja wa ndege. Yeye ni mwalimu, anaweza kurudia jambo lile lile bila kuchoka. Mimi nimebaki hapa mezani, sahani za omena hazijaondolewa, na nimeona nikuandikie kwa sababu ninajijua. Haya nikikuambia uso kwa uso nitayakata katikati, niseme chai inamwagika.

Siku tuliyomzika mjomba wako Okoth, tukiwa nyuma ya jiko kule Uriri, uliniuliza, "Mama, ulijua lini?" Nikakujibu kwamba nilijua majibu yalipokuja kutoka Nairobi. Ukaniangalia, ukachukua ndoo ukaenda kuteka maji, na hukuniuliza tena. Boke, haikuwa kweli. Nilijua asubuhi ya kwanza, nilipoweka slaidi yake kwenye hadubini. Majibu ya Nairobi yalikuja majuma mengi baadaye, na yalisema kile nilichokuwa nimekwisha kukiona.

Kesho unakwenda Cape Town kusomea kazi hii hii ninayoifanya. Watakufundisha kuainisha uvimbe vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi. Sina hofu na hilo. Ninalotaka ulijue ni jinsi nilivyolitumia jina la ugonjwa kumkwepa ndugu yangu mwenyewe.

Wewe ulimjua akiwa mtu mzima, nera wako, mjomba mwenye mashine ya kusaga mahindi na sauti ya besi iliyotikisa mabati ya kanisa la Wasabato. Mimi nilimjua akiwa mgongoni kwangu. Mama yetu alifariki Okoth akiwa bado anatambaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda naye mtoni na kurudi naye. Ndiyo maana aliniogopa kama mama na kunitania kama dada. Unakumbuka alivyokuwa akitucheka hapa nyumbani, kwa kuwa baba yako hajawahi kukielewa Kijaluo changu na mimi Kikuria chake ninajua cha salamu tu? "Nyinyi watu mnaongea Kiswahili mpaka kwa jikoni," alikuwa akisema. "Mtu akipita hapo nje atadhani ni redio."

Alinipigia simu mara ya kwanza nikiwa kazini. "Dakitari, kuna jino inanisumbua." Nilikuwa na kalamu mkononi, ninatia sahihi ripoti. Nikamwambia aende Migori mjini likang'olewe. Sikumuuliza linauma tangu lini, wala kama amepungua, wala kama fizi imevimba. Mgonjwa mgeni ningemuuliza yote hayo.

Jino likang'olewa. Pengo halikufunga. Badala yake nyama ikaanza kuota pale pale, laini, yenye kutoka damu akigusa kwa ulimi. Alisukutua kwa maji ya chumvi. Mkewe Pamela akamwambia hajui kusukutua, mwanamume mzima. Alipokuja kuniona Homa Bay, shavu lake lilikuwa limejaa upande mmoja kama mtu aliyeficha embe mdomoni.

Nilimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha la ofisi yangu nikawasha tochi ya simu. Nimeangalia mataya mengi, Boke. Watoto wetu wa kandokando ya ziwa hili wamekuwa wakiletwa na mashavu ya namna hiyo tangu kabla sijaajiriwa. Lakini hao ni watoto. Huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, na ile nyama ilikuwa na rangi ya zambarau niliyoijua.

"Ni nini?" akauliza, mdomo ungali wazi.

"Tutakata kipande kidogo tuangalie."

"Wewe mwenyewe ndio utakata?"

"Daktari wa meno atakata. Mimi nitaangalia."

Akafunga mdomo akacheka, kicheko cha upande mmoja. "Basi iko kwa mikono ya nyamera. Nimepona."

Nyamera, dada yangu. Hakuwa mtu wa kuniita hivyo. Aliniita Dakitari siku zote, kwa utani.

Kosa langu la kwanza, ukiacha lile la simu, lilikuwa hili: sikumpa mtu mwingine slaidi ile. Ni kweli pale hospitalini nilikuwa peke yangu katika kazi hii, lakini Kisumu nina wenzangu, na wangeisoma siku ile ile kama ningeomba. Sikuomba. Fundi wa maabara alipoleta trei ya slaidi za asubuhi, niliitafuta ya Okoth katikati ya nyingine kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.

Kitabuni umeshaziona seli hizi, na huko uendako utaziona hadi uzichoke. Hebu nikueleze nilivyoziona mimi. Kwanza nilitamani niione Burkitt, ile saratani ya mataya ya watoto. Unajua ilivyo, seli ndogondogo zinazofanana, zimebanana giza tupu, na katikati yake zile seli kubwa nyeupe zinazokula mabaki, ndiyo maana walimu husema ni kama anga lenye nyota. Fikiria, mwanangu, daktari ameinama juu ya hadubini akimwombea ndugu yake Burkitt! Lakini nilijua watoto wengi wanaopona nayo wakiwahi dawa.

Hapakuwa na nyota. Palikuwa na seli kubwa, kila moja na nafasi yake, kiini kimesukumwa pembeni kama kiini cha yai kilichotelezea ukingo wa kikaango, na ndani ya kiini doa moja jeusi linalokutazama. Hizi ni seli za kinga zilizokuwa zimekaribia kukomaa ili zitengeneze silaha za mwili, zikaacha kazi hiyo na kuanza kuzaana tu. Nikaagiza ipakwe ile rangi inayoshika limfoma nyingi, yaani saratani za seli za kinga. Kesho yake slaidi ikarudi, na seli zile zilikuwa zimeikataa rangi kabisa, zimekaa palepale zimepauka. Ilithibitisha tu nilichokiona asubuhi ya kwanza. Limfoma ya plasmablasti. Ni nadra na ni kali, na hupenda kuanzia mdomoni.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo niliposhindwa. Jina hilo haliji peke yake. Ndani ya seli zile mara nyingi mnakuwa na kile kirusi cha EBV, ambacho karibu sote tunacho, tulikipata utotoni kwa mate na vikombe vya kushirikiana, kikalala. Huamka pale walinzi wa mwili wanapodhoofika. Na mtu wa umri wa Okoth, mwenye uvimbe huu mahali pale, swali la kwanza ambalo daktari yeyote angemuuliza ni kama ana virusi vya ukimwi. Wapo wanaoupata ugonjwa huu bila virusi hivyo. Majuma yale niliwakumbuka watu hao mara nyingi sana.

Kwa hiyo kioo kile kilikuwa kimeniambia habari za nyumba ya ndugu yangu ambazo mwenyewe hakuwa ameniambia. Nikaona haya. Si haya kwa ajili yake, ingawa nilijidanganya hivyo. Niliona haya mimi kumuuliza. Nilimlea, nikamwogesha, na sasa nimuulize habari za kitanda chake? Katika ukoo wetu dada hamuulizi kaka mambo hayo. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile, na mlangoni pa swali hilo nikawa tena msichana wa Uriri.

Nikaandika ripoti: limfoma kali, aina yake itabainishwa kwa vipimo zaidi. Nikatuma Nairobi vile vipande vya nyama vilivyogandishwa kwenye nta, wanakoweza kupaka rangi tusizokuwa nazo. Angekuja mtahini yeyote duniani angeisoma ripoti ile na kunipa alama zote. Kila neno lilikuwa sahihi. Hata leo ningetuma Nairobi, kwa sababu ugonjwa wa namna ile hauthibitishwi kwa jicho la mtu mmoja. Lakini mwalimu wangu alinifundisha kwamba kukiri huna hakika ni heshima ya kazi hii, na mimi nilikuwa na hakika. Nilijifunika kwa shuka la wasio na hakika.

Daktari kijana aliyempokea Okoth kliniki alinipigia. "Daktari, nimwanzishie zile dawa za kawaida za limfoma?" Nikamwambia angoje aina ijulikane, maana hii inaweza kuhitaji dawa nyingine. Hilo nalo lilikuwa sahihi. Akauliza, "Una wazo lolote?" Nikasema tungoje.

Okoth naye alikuwa akipiga. "Nairobi wamesema?"

"Bado."

"Hiyo Nairobi iko mbali kushinda mbinguni."

Tukacheka. Halafu hakukata simu. Nilikuwa nikisikia mashine yake ya kusaga ikinguruma nyuma, na yeye anapumua tu, kama mtu aliyesimama mlangoni hajakaribishwa. Siku moja akasema, "Hakuna kitu ingine unataka kuniuliza?" Nikamwambia hapana, anywe maji mengi. Boke, nimeusikia ukimya uliofuata mara nyingi kuliko sauti ya mtu yeyote aliyewahi kuongea nami.

Na wewe ulipiga, kutoka chuoni. "Mama, nera ana nini?" Nikakuambia jino limeoza vibaya. Ulikuwa mwanafunzi wa udaktari, umeshaingia wodini, na mama yako anakupa hadithi ya jino. Ukampigia mwenyewe, naye akakutania kuhusu wachumba. Tulikufungia mlango sisi wawili, kila mmoja kwa ufunguo wake.

Majibu yalipokuja, shavu lilikuwa limefika jichoni. Akalazwa. Ilikuwa lazima apimwe damu, na kuna mshauri wa kazi hiyo pale hospitalini, lakini niliona angalau hatua zile nitembee naye. Tukaingia kwenye chumba kidogo chenye viti viwili vya plastiki. Mshauri alikuwa hajafika.

"Okoth," nikasema, "watakupima virusi."

Akaangalia dirishani. Nje kulikuwa na mama anaanika nguo za wagonjwa.

"Si unajua tayari?" akasema.

Nikaketi kwenye kiti cha pili.

"Mimi nilikuwa nachukua dawa. Miaka. Huko Kegonga." Alizungumza polepole, maneno yakimponyoka kwa sababu ya ule uvimbe. "Nilikuwa namwambia Pamela nimeenda kununua mahindi, na kweli nilikuwa narudi na mahindi. Huko kwa Wakuria hakuna mtu ananijua. Siku moja niko kwa laini, nikaona mama mmoja wa kwaya yetu, wa sauti ya kwanza. Akaniangalia, mimi nikamwangalia. Hakusema kitu. Na yeye alikuwa kwa laini, unaelewa? Hiyo laini hiyo hiyo. Lakini mimi nilitoka, nikaenda, sikurudi tena."

"Okoth, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniulize." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Wewe unaona mpaka ndani ya nyama. Walipokata hiyo kipande nikasema, sasa ameona, kesho ataniuliza. Nikipiga simu nasema, ni leo. Unaniambia nikunywe maji."

"Na mimi nilikuwa nangoja uniambie."

"Basi tumengojana," akasema. Mshauri akafungua mlango.

Pamela hakuwa anajua lolote. Alikuwa akija kila asubuhi kutoka Uriri na chupa ya uji, mtoto wao wa mwisho mgongoni. Siku ile alinikuta kwenye korido.

"Wifi, wewe ndio umesoma. Hii ugonjwa inatoka wapi?"

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hilo nililijua, na nisingemvunjia Okoth hata kwa mke wake. Ningeweza kumwambia Pamela, ningoje hapa, nikarudi ndani, nikamshika Okoth mkono na kukaa naye mpaka akubali kusema. Niliingiwa na woga tu. Nikampa Pamela jina. Nikalitamka lote kwa Kiingereza, refu kama lilivyo, na neno la kali mwishoni.

"Plasma nini?" akauliza.

Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nje, akashukuru, akaingia na uji wake. Mimi nikarudi maabara. Nimetumia miaka yangu kutafutia magonjwa majina yake, na siku ile nilimpa mtu jina ili asijue.

Zilipita siku kadhaa. Okoth akaagiza niitwe wodini. Nilipofika, Pamela alikuwa ameketi kitandani anamnywesha uji kwa mrija, kwa maana mdomo haukuwa tena na nafasi ya kijiko. Okoth akamzuia mkono. Akanielekezea mimi kidole.

"Sema wewe," akasema, na hata hayo mawili yalimchukua muda. "Mdomo yangu imekataa."

Nikasema. Nilisema kwa Kijaluo, kwa sentensi fupi, kwa maneno ambayo kila mtu anayajua. Nikamweleza Pamela ni virusi gani, mumewe amekuwa navyo tangu lini, na kwamba ndivyo vilivyoufungulia mlango huu uvimbe, na kwamba yeye Pamela mwenyewe anapaswa kupimwa, na mtoto. Nilipomaliza Pamela alikuwa bado ameshika kikombe. Akamrudishia Okoth mrija mdomoni. Akangoja mpaka uji ulipoisha, akamfuta kidevu, akasuuza kikombe kwenye sinki. Halafu akamfunga mtoto mgongoni akaondoka, na mimi na Okoth hatukuangaliana.

Alirudi kesho yake. "Mimi niko nayo," akaniambia. "Mtoto hana." Akanipita akaenda kwa mumewe, na tangu siku ile aliniamkia tu, kama jirani wa mbali.

Dawa zilianza, za saratani na zile za virusi alizokuwa ameziacha. Wewe ulimwona baada ya hapo, kwa hiyo unajua jinsi uvimbe ulivyoyeyuka. Ilikuwa kama mchezo. Kila nilipokwenda wodini shavu lilikuwa limepungua, na wauguzi wakaanza kumwita kijana. Alirudi Uriri, akasaga mahindi ya watu, akala samaki Krismasi ile ulipokuwa nyumbani, akilalamika kwamba tumemwekea vipande vya mkia. Sauti haikurudi. Lakini alisimama mbele ya kwaya yake akaiongoza kwa mikono, na ukamwambia wewe mwenyewe kwamba ameongoza vizuri kuliko alipokuwa akiimba, akakuambia huna adabu.

Halafu mgongo ukaanza kumuuma. Nilijua tena, na safari ile nilimwambia siku ile ile, nikiwa nimekaa kitandani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sasa umejifunza." Mvua za masika zilipoanza tukamzika.

Pale matangani ulisikia wazee wakinong'ona kuhusu chira, kwamba kuna mwiko ulivunjwa katika boma lile, labda kujenga, labda kuzika. Na kwenye historia ya marehemu ilisomwa kwamba ameugua kwa muda mfupi. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Ningeweza kuinuka nikasema ni nini kilichomuua ndugu yangu, na Pamela mwenyewe baadaye aliniambia asingekataa. Nikanyamaza tena. Ndipo ukanikuta nyuma ya jiko na swali lako, nami nikakujibu uongo nikiwa bado na vazi la msiba.

Nimemuuliza daktari aliyemtibu kama majuma yale yangebadilisha kitu. Ni mtu mwema. Alisema ugonjwa huu huwaondoa hata waliowahi, na kwamba mara nyingi hurudi. Ni kweli, nami ndivyo ninavyowaambia ndugu za wagonjwa. Hainipi usingizi. Pengine asingepona. Lakini angeanza tena kumeza zile ARV mapema, na asingekaa pale kwenye mashine yake, simu sikioni, akingoja dada yake apate ujasiri.

Wewe utajifunza uainishaji mpya. Nilipokuwa mwanafunzi, ugonjwa huu ulitupwa ndani ya ugonjwa mwingine mkubwa zaidi kama mtoto wa kambo, na wengine hata hawakuutaja. Sasa una mahali pake. Ukizeeka wewe huenda wameuhamisha tena, na utalazimika kusahau ulichokariri. Ni sawa. Mtu anaweza kubadilisha jina kitabuni na hakuna anayeumia. Nilichokosea mimi hakikuwa kitabuni. Nilisoma slaidi vizuri. Ninasema hivi bila majivuno, maana ingekuwa rahisi zaidi kukuambia nilikosea kuisoma.

Usisome slaidi ya mtu wako. Hilo nakuomba. Mpe mwenzako, wewe ukakae na mgonjwa. Na kama siku moja utajikuta unaandika kwamba huna hakika, jiulize kama ni kweli, au ni kwamba unajua na unaogopa ngazi za kupanda kwenda wodini. Mimi ofisi yangu na wodi ya Okoth vilitenganishwa na ua mmoja tu wenye nyasi.

Juma lililopita nilikwenda Uriri kumwambia Pamela kwamba unasafiri, na kumwomba ruhusa ya kukuandikia haya, kwa sababu nusu yake ni ya kwake. Ana afya, Boke. Anameza dawa zake bila kujificha, na mashine anaiendesha mwenyewe. Nilimkuta nywele zote nyeupe kwa unga. Kulikuwa na wanawake kwenye foleni na ndoo zao. Nilipomwambia unakwenda kusomea kazi yangu, alizima mashine. Wale wanawake wakaguna, akawaambia watulie.

Akanitolea benchi nje. Akasema niandike, hana la kuficha. Nikashukuru. Nikafikiri tumemaliza, nikashika mkoba wangu.

"Unajua wewe hujawahi niuliza kwa nini nilikasirika," akasema.

"Nilidhani ninajua."

"Unadhani ni hiyo ugonjwa. Au ati mlijua na mimi sijui." Akakung'uta unga mikononi. "Okoth nilimsamehe kwa hospitali. Mtu akiogopa, anaogopa. Lakini hizo wiki zote mlikuwa mnangojana, wewe na yeye, mimi nilikuwa kwa nyumba na yeye. Alikuwa analia usiku. Na mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia mwanaume mzima analilia jino. Nilimwambia mbele ya watoto. Wakacheka na wao." Akaitazama ile foleni. "Mngeniambia ni kitu kubwa, tu hivyo, bila hata jina, mimi singemcheka."

Nikaurudisha mkoba chini. Nilibaki kwenye benchi mpaka wanawake wakachoka kungoja, naye akaenda kuwasha mashine.

Nenda salama, mwanangu, na usome.

Mama yako